Wahabeshi hawako Nakivale peke yake

Katika makala yako umeandika kana kwamba Wahabeshi wote wa Uganda, yaani Waethiopia na Waeritrea, wako kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Wengine tuko nao hapa mjini Kampala. Kutoka kwetu Nsambya shika Barabara ya Ggaba, upite ubalozi wa Marekani, ushuke Kabalagala na kuendelea hadi Kansanga. Migahawa ya injera utaiona mwenyewe, na maandishi ya Kigeez kwenye mabango. Wasomali wao wamejikita Kisenyi, jirani na katikati ya jiji. Kwa nini Wahabeshi wakaja huku kusini mwa jiji? Kwa maoni yangu, sababu kubwa ni waliotangulia: mgeni huenda alipo mwenzake wa kumtafutia chumba na kibarua. Halafu wenye nyumba wa huku wamekwisha kuzoea wapangaji wa kigeni.

Sheria nayo ina mchango wake. Ile ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi kutembea na kufanya kazi nchini. Kenya, kwa miaka mingi, wakimbizi walielekezwa kambi za Dadaab na Kakuma, ingawa Waoromo kutoka Ethiopia walioko Eastleigh, Nairobi, hawakungoja ruhusa ya mtu. Lakini hapa Uganda mgao wa chakula uko kwenye makazi ya wakimbizi kama Nakivale. Anayechagua Kampala anajilisha mwenyewe, na kodi ya nyumba haimsubiri.

Na tafadhali, usiwahesabu Waeritrea kama Waethiopia. Wengi wao walikimbia utumishi wa jeshi usiokuwa na kikomo nchini mwao, na ukiwauliza Kansanga kwa nini walikimbia, watakujibu bila kupepesa macho.