Malezi ya Nyumbani: Kizibao cha Mpanda Farasi



Mzee mmoja, msomaji wetu, alinijia barazani na barua ya mwanawe akaaye Uingereza. Mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na mitatu, amejiunga na chama cha wapanda farasi, na karibu ataingia katika mashindano ya kuruka viunzi porini. Ametakiwa avae kizibao cha kinga. Baba yake amepata kimoja kilichokwisha kuvaliwa, kwa robo ya bei, naye ataka shauri la wazee. Yule mzee akaniuliza, "Maalim, kizibao si kizibao tu?"

Nilimjibu kuwa sivyo. Na kwa kuwa wako wengi kati yetu wenye jamaa Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba, ambao watoto wao hupanda farasi, nimeona yafaa nieleze jambo hili hapa.

Kizibao hiki si nguo ya pambo. Ndani yake mmetiwa vipande vinene vya sponji maalumu. Mpandaji aangukapo, au farasi ampigapo teke, sponji hubonyea. Na kwa kubonyea huko huipokea sehemu ya nguvu ya pigo, na ile iliyobaki huitawanya mahali papana, isije ikakusanyika juu ya ubavu mmoja ikauvunja. Kazi yake, basi, ni kupunguza pigo, wala si kuliondoa.

Lakini jicho haliwezi kupambanua sponji njema na mbovu, na hiyo ndiyo sababu ya kuwekwa vipimo. Nchi za Ulaya zina kanuni iitwayo EN 13158, iliyotolewa kwanza mwaka 2000, kisha ikarekebishwa mwaka 2009 na mwaka 2018. Wapimaji huangusha chuma juu ya kizibao, wakapima ni nguvu kiasi gani iliyopenya upande wa pili. Kwa vipimo hivyo vizibao hugawanywa katika daraja tatu. Daraja ya 1 ndiyo yenye kinga ndogo kabisa, nayo huwafaa wapanda farasi wa mbio, ambao kila ratili ya uzito wao huhesabiwa. Daraja ya 2 ni ya mahali penye hatari kidogo. Daraja ya 3 ndiyo ya upandaji wa kawaida na ya mashindano. Huko Uingereza, chama cha wafanya biashara wa vifaa vya farasi, BETA, hutia lebo yake ndani ya kizibao: daraja ya 3 ya kipimo cha 2009 ina lebo ya zambarau, na ya kipimo cha 2018 ina lebo ya buluu na nyeusi. Wamarekani nao wana kipimo chao, ASTM F1937.

Kwa hiyo neno la kwanza ni kutazama lebo, na la pili ni kuwauliza wasimamizi wa mashindano ni kipimo cha mwaka gani wanachokubali. Kanuni hubadilika, na kizibao kilichokubaliwa juzi huenda leo kikakataliwa langoni.

La tatu ni kimo. Sisi tumezoea kumnunulia mtoto kanzu ya Idi iliyo kubwa, tukisema ataifikia. Kwa kizibao hili halifai hata kidogo, maana kikipwaya kitahama mahali pake wakati wa kuanguka. Nyuma yatakiwa kifike kwenye ule mfupa utokezao chini ya shingo. Mbele kishuke chini ya ubavu wa mwisho kwa milimita 25 au zaidi. Na akiwa amekaa juu ya farasi, kati ya kizibao na tandiko pawe na nafasi ya vidole vinne hivi. Tena avae kwa dakika chache kabla ya kukipima, kwa kuwa sponji hulainika kwa joto la mwili.

La nne ndilo lililomhusu mzee wetu. Sponji huchoka. Watengenezaji hushauri kizibao kibadilishwe baada ya miaka mitatu hadi mitano. Na baada ya kila anguko kubwa yapasa kitazamwe: pakibonyea, na baada ya nusu saa pasirudi kama palivyokuwa, mahali hapo hapana kinga tena. Sasa, kizibao cha mtu mwingine, nani ajuaye kimeanguka mara ngapi? Wahenga walisema rahisi inavunja upishi; hapa kitakachovunjika ni mbavu za mtoto.

Viko pia vizibao vya hewa. Hivi hufungwa kamba kwenye tandiko, na mpandaji atokapo juu ya farasi kamba huvutika, hewa ikakijaza mara moja. Ni vitu vizuri, lakini kanuni za chama cha dunia cha mchezo huu, FEI, katika mbio hizi za porini huviruhusu juu ya kizibao cha sponji tu, wala si badala yake.

Mwisho, wazazi wasidanganyike. Tarehe 27 Mei 1995, huko Culpeper, Virginia, mcheza sinema Christopher Reeve alianguka katika mbio za namna hii. Kofia ngumu alivaa, na kizibao alivaa. Lakini shingo ilivunjika, akaishi amepooza mpaka alipofariki mwaka 2004. Na mwaka 1999 wapandaji watano walikufa Uingereza katika mashindano haya. Halmashauri iliyoongozwa na Lord Hartington ilipotoa taarifa yake mwaka 2000, neno lake kubwa lilikuwa kwamba farasi azuiwe asianguke. Kwani mnyama wa kilo 500 apindukapo na kumlalia mtu, hakuna sponji imwokoayo. Ndipo baadaye viunzi vingine vikatiwa pini zivunjikazo, ili farasi akigonga kwa nguvu, lianguke gogo na si yeye.

Basi nilimwambia mzee: mwandikie mwanao amnunulie binti kizibao kipya cha daraja ya 3, kimkae barabara. Na fedha zikipungua, mashindano yangoje mwaka mwingine. Kisha amwulize mwalimu wake swali lililo kubwa kuliko kizibao: je, mtoto huyu na farasi huyu wamekwisha kuwa tayari kwa viunzi vile? Mzee alinyamaza kidogo, kisha akaomba kalamu.