Jasho la Dalali wa Muthetheni
Dalali wa mashamba huko Muthetheni, Mwala, Kaunti ya Machakos, hana mshahara: hulipwa kamisheni shamba likiuzwa, na mara nyingi nauli ya bodaboda ya kumpeleka mteja hutoka mfukoni mwake. Hata bei ikikubaliwa, kazi bado. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi (Sura ya 302) inataka ardhi ya kilimo iombewe idhini ya Bodi ya Kudhibiti Ardhi ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Bila idhini, mauzo ni batili, na kamisheni huyeyuka. Sheria ya Mawakala wa Mali (Sura ya 533) nayo inamtaka wakala, yaani dalali, awe amesajiliwa. Dalali kijana asiye na cheti cha usajili wala mkataba akidhulumiwa, atamshtaki nani? Bodi ya kusajili mawakala iwafuate madalali hawa huko huko Mwala, iwafundishe, iwasajili.