Kukosa Hedhi si Bahati



Leo nasema wazi jambo ambalo sisi wasichana wanariadha hapa Samburu hunong'onezana tu. Mwaka jana nilikosa hedhi miezi minne. Wenzangu wakaniambia, "Una bahati wewe, huna usumbufu!" Nami nikanyamaza, maana msichana akisema hajaona siku zake, la kwanza hushukiwa mimba.

Kisha mfupa wa muundi ukaanza kuniuma. Muuguzi alinipima, mimba hakuna. Akauliza, "Mwanangu, unakula nini?" Nikamweleza: asubuhi chai ya rangi, halafu safari ya miguu hadi shuleni, jioni mazoezi.

Ati bahati! Mwili usipopata chakula kinacholingana na kazi yake, hupunguza homoni ya estrojeni. Hedhi hukatika, na mifupa hupoteza mlinzi wake. Nasi tuko katika umri wa kuijenga: kufikia miaka 18, msichana huwa amekwisha kujenga takriban asilimia 90 ya mifupa yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa hata wasichana wakimbiaji hodari wa Kenya wamo hatarini.

Kwa maoni yangu, walimu wa michezo watuulize habari za hedhi na chakula bila kutushuku. Nasi tuseme mapema, na tule. Najua ukame hubana nyumba nyingi, lakini kunde, dagaa na maziwa vikipatikana, mkimbiaji asiviruke. Wahenga hawakukosea: mficha maradhi, kifo humwumbua.