Uvimbe ukikatwa, ulizeni nyama imeenda wapi

Ndugu wasikilizaji, na ninyi jamaa mulio kambini ao katika familia zinazowapokea, mutu akikatwa uvimbe tunauliza tu: "Muganga ametoa yote?" Tuulize na hili: ile nyama imeenda wapi?

Nyama hiyo ndiyo inasema kama ni kansere, na kansere hiyo inakua mbio namna gani. Katika labo wanaikata vipande vyembamba sana, wanaipaka rangi, na muganga anahesabu kwa mikroskopi chembe zinazojigawa. Kwa kansere ya ziwa, hesabu hiyo inapata alama 1 mpaka 3. Inajumlishwa na alama zingine mbili, za sura na mupangilio wa chembe. Jumla ya 3 mpaka 5 ni gradi ya 1, ile ya polepole. Jumla ya 8 ao 9 ni gradi ya 3, ile kali.

Kuna pia kipimo cha Ki-67, kinachoonyesha chembe zilizo katika kazi ya kuongezeka. Kwa limfoma ya Burkitt, inayovimbisha taya za watoto katika inchi zetu zenye malaria, karibu chembe zote zinaonekana. Uvimbe huo unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja ao mbili. Mutoto huyo hawezi kungoja mwezi ujao, na akipata dawa mapema anaweza kupona.

Lakini nyama ikikaa masaa mengi bila formoli, inaoza. Chembe zinazojigawa hazihesabiki vizuri tena, na kansere kali inaweza kuandikwa kuwa ya polepole. Mugonjwa anapewa dawa isiyomutosha.

Kwa maoni yangu, pasipo chupa ya formoli, uvimbe usioharakishwa usikatwe. Serikali na mashirika yanayoleta mahema na unga walete formoli pia, na walipe safari ya nyama mpaka labo. Wengine watasema: vita kwanza, kansere baadaye. Kansere haingoji vita viishe.

Na ninyi jamaa, ombeni karatasi ya majibu yenye gradi. Muiweke pamoja na karte ya uchaguzi. Siku ya kukimbia, ikimbie nanyi, ili muganga wa kule asianze kukisia.