Gurudumu Kuchomoka si Bahati Mbaya

Kila mara gurudumu la gari linapochomoka na kwenda zake peke yake barabarani, dereva, fundi na watazamaji husema neno lile lile: ajali haina kinga. Neno hilo ni la kumfariji aliyefikwa, nalo lina mahali pake. Lakini linapotumiwa kueleza gurudumu lililotoka kwa sababu nati zake zilikuwa zimelegea, au kwa sababu bolti mbili kati ya tano zilikuwa zimekatika tangu mwezi uliopita na hakuna aliyejali, huwa si faraja tena bali kichaka cha kuficha uzembe. Gurudumu halichomoki kwa kudra tupu. Huchomoka kwa sababu kuna mtu, au kuna watu kadhaa, ambao hawakutimiza wajibu wao.

Jambo hili linastahili kusemwa waziwazi kwa sababu gari dogo la familia si mali ya wachache tena. Mwalimu, muuguzi, karani na afisa wa halmashauri hununua gari kwa mkopo wa benki au wa SACCOS, na mara nyingi gari hilo huwa limekwisha kutumika miaka mingi huko Japani kabla ya kushushwa katika bandari ya Dar es Salaam. Magurudumu yake yamefunguliwa na kufungwa mara nyingi, kwa mikono mingi na kwa spana za kila namna. Mnunuzi huuliza habari za injini, za gia, za rangi na hata za redio. Ni nadra kuuliza habari za zile nati kumi na sita au ishirini zinazomshikilia yeye na wanawe barabarani.

Inafaa ieleweke kwanza kazi ya nati hizo ni ipi. Wengi hudhani kwamba gurudumu limetundikwa kwenye bolti kama koti kwenye msumari. Sivyo. Nati inapokazwa sawasawa huivuta bolti. Bolti nayo hunyooka kidogo mno, mfano wa springi, na kulibana gurudumu kwenye uso wa habu. Msuguano wa nyuso hizo mbili zilizobanana ndio unaobeba uzito wa gari, nguvu ya breki na mapigo ya mashimo. Kwa magari mengi madogo ya Toyota kiwango cha kukaza ni nyutoni-mita 103. Kwa mengi ya Volkswagen ni 120. Katika kiwango hicho nati moja ya bolti yenye unene wa milimita 12 hubana kwa nguvu inayokadiriwa kuwa sawa na uzito wa tani nne.

Mbano huo ukipungua, gurudumu huanza kucheza. Bolti, ambayo haikukusudiwa kupindwa, hupindwa huku na huku katika kila mzunguko. Chuma kinachopindwa namna hiyo huchoka, hupata ufa usioonekana kwa macho, na siku moja hukatika. Ikikatika moja, mzigo wake huzielemea zilizobaki. Ndiyo maana ya pili haikawii kuifuata ya kwanza. Dereva anayesema kwamba gari lake lina nati nne zinazotosha kati ya tano hajui kwamba anahesabu siku. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Uharibifu wa nati na bolti una njia zake, nazo zinajulikana. Njia ya kwanza ni kulegeza kazi: nati hufungwa kwa haraka kando ya barabara, jeki huteremshwa, na safari huendelea bila mtu yeyote kurudia kukaza. Njia ya pili, ambayo wengi huiona kuwa ni sifa ya fundi hodari, ni kukaza kupita kiasi. Mtu mwenye uzito wa kilo 70 akisimama kwenye ncha ya spana yenye urefu wa sentimita 30 huikaza nati kwa nyutoni-mita zaidi ya 200, yaani karibu mara mbili ya kiwango kilichowekwa. Akirukaruka juu yake, au akitumia mashine ya upepo bila kipimo, huzidisha zaidi. Bolti iliyovutwa namna hiyo hupoteza ule uwezo wake wa kujirudi kama springi. Kwa macho inaonekana imekazwa. Kwa kweli imekwisha kuuawa.

Njia ya tatu ni kufunga nati isiyooana na bolti. Magari mengi ya Toyota, Honda na Mitsubishi yana bolti za milimita 12 ambazo nafasi kati ya hesi moja na nyingine ni milimita 1.5. Mengi ya Nissan na Subaru yana unene ule ule, lakini nafasi ya hesi zake ni milimita 1.25. Robo moja ya milimita haionekani kwa mtu mwenye haraka. Nati ngeni huingia mizunguko michache, hukwama, nayo husukumwa kwa nguvu ya spana mpaka inazikata hesi. Fundi huisikia ngumu na kuamini kwamba imekaza. Ugumu huo ni wa chuma kusaga chuma, wala si wa gurudumu kubanwa.

Hali ni hiyo hiyo kwa kikalio cha nati. Rimu nyingi za chuma hutaka nati yenye uso wa mteremko. Rimu nyingi za aloi zilizotoka na Toyota kiwandani hutaka nati yenye washa bapa. Honda imezoea nati yenye uso wa mviringo. Mwenye gari anayebadilisha rimu ili gari lipendeze, kisha akabaki na nati zile zile za zamani, huenda akawa ameshikilia gurudumu zima kwa ukingo mwembamba tu wa chuma.

Njia ya nne ni kipuri dhaifu. Bolti nyingi za kipimo cha metriki huandikwa kichwani tarakimu kama 4.8, 8.8 au 10.9. Tarakimu ya kwanza, ikizidishwa kwa 100, huonyesha nguvu ya chuma hicho kabla ya kukatika, kwa nyutoni kwa kila milimita ya mraba. Bolti za magurudumu kwa kawaida ni za daraja la 10.9. Bolti ya daraja la 4.8, inayofaa kwa kitanda au kwa lango, haifikii hata nusu ya nguvu hiyo. Hata hivyo wapo wanaoichongesha na kuifunga kwenye habu, na wapo wanaoichomelea bolti iliyokatika, bila kujua kwamba moto wa kuchomelea huharibu ugumu ambao chuma hicho kilipewa kiwandani.

Pengine itasemwa kwamba makosa haya yote ni ya mafundi wadogo na wenye magari. Hapana. Viwanda vikubwa navyo hukosea, na namna vinavyoyapokea makosa yao ni funzo kwa kila mwenye dhamana. Mwezi Juni 2022 kampuni ya Toyota iliyaita yarudi magari ya umeme ya aina ya bZ4X kadiri ya 2,700, wiki chache tu baada ya kuanza kuyauza, kwa sababu bolti za magurudumu ziliweza kulegea katika kona kali na breki za ghafla. Wenye magari walitakiwa waache kuyaendesha mpaka tiba ipatikane. Gari linalofanana nalo, Subaru Solterra, lilikumbwa na wito huo huo. Ilikuwa ni aibu kwa kampuni yenye sifa kubwa, lakini ilikuwa aibu iliyookoa watu.

Kinyume chake kilitokea miaka ishirini kabla. Mwezi Januari 2002, katika mji wa Yokohama, gurudumu la lori la Mitsubishi lilichomoka na kumuua mama aliyekuwa akitembea kwa miguu pamoja na watoto wake wawili, ambao walijeruhiwa. Kampuni ilishikilia kwamba sababu ni matunzo mabaya ya wenye malori. Ilipofika Machi 2004 ndipo ilipokiri kwamba habu zenyewe zilikuwa na kasoro tangu zilipobuniwa. Kwa muda wa miaka miwili lawama ilikuwa imetupwa kwa watu wa chini, na hatari ikaendelea kuzunguka barabarani.

Tukio la Yokohama lafaa kukumbukwa kwa sababu nyingine pia. Aliyekufa hakuwa dereva wala abiria. Gurudumu linalochomoka halichagui. Hukimbia na kasi ya gari na kumfuata aliye kando ya njia. Katika barabara za Tanzania walio kando ya njia kila asubuhi ni watoto wanaokwenda shule, akina mama wanaokwenda sokoni na vijana walio juu ya baiskeli. Kwa hiyo nati iliyolegea si siri ya mwenye gari na fundi wake. Ni jambo la umma.

Hapana budi basi kila mwenye wajibu atajwe kwa wajibu wake. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haikutungwa ili askari atazame karatasi peke yake. Ukaguzi wa magari ambao haugusi nati hata moja kwa spana ni ukaguzi wa rangi. Haichukui dakika nyingi kuhesabu nati, kutazama kama kuna michirizi ya kutu inayotoka kwenye vikalio vyake, na kulitikisa gurudumu lililoinuliwa kwa jeki.

Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, pamoja na Tume ya Ushindani, yenye jukumu la kupambana na bidhaa bandia, yana kazi katika maduka ya vipuri. Nati na bolti za magurudumu huuzwa kwa kumwagwa kwenye makopo, bila jina la mtengenezaji, bila kipimo cha hesi na bila daraja la chuma. Mnunuzi hupewa inayofanana na ile aliyokuja nayo. Haifai kipuri kinachobeba roho za watu kiuzwe kama misumari. Muuzaji na atakiwe kuonyesha kipimo na daraja, na anayeshindwa asiuze.

Waagizaji wa magari yaliyotumika nao hawana budi kukumbushwa. Kiwanda kinapoyaita magari yarudi, aghalabu barua hupelekwa kwa mmiliki anayejulikana katika nchi lilikouzwa gari likiwa jipya. Mwalimu aliyelinunua akiwa Singida au Songea hayumo katika orodha hiyo. Anayeleta magari kwa mamia ana uwezo wa kuulizia kwa namba ya chesisi kama gari lina kasoro ambayo haijatengenezwa, na mnunuzi ana haki ya kupewa jibu kabla ya kulipa.

Kwa upande wa mafundi, itasemwa kwamba fundi wa pancha aliye chini ya mwembe hana uwezo wa kununua spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Hoja hiyo ina uzito, lakini haimalizi jambo. Spana hiyo si chombo cha anasa. Mafundi wa eneo moja wakiungana wanaweza kuwa na moja na kuitumia kwa zamu. Tena yapo mambo yasiyohitaji fedha: kusugua kutu na rangi kwenye uso wa habu, kuanza kila nati kwa vidole mpaka iingie vizuri, kukaza kwa kukingamisha badala ya kuzunguka, na kuacha kupaka grisi kwenye hesi pale ambapo mtengenezaji hakuagiza. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ingefanya jambo jema kuyapeleka mafunzo haya mafupi kwa mafundi wa mitaani mahali walipo, pasipo kungoja wao waje vyuoni.

Mwisho ni mwenye gari mwenyewe. Mtumishi wa umma asiyekubali kutia saini hati ambayo hakuisoma asikubali pia kuwapakia watoto katika gari ambalo hajui magurudumu yake yamefungwaje. Baada ya gurudumu lolote kufunguliwa, nati zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Usukani ukianza kutetemeka bila sababu, au ukisikika mgongano upande wa gurudumu, gari lisimamishwe hapo hapo, wala safari isiahirishiwe matengenezo. Bolti moja ikikatika, ibadilishwe kabla ya safari nyingine, si kabla ya mshahara mwingine. Afisa usafirishaji katika ofisi ya umma naye aandike kiwango cha kukaza katika daftari la kila gari, na amwulize dereva habari zake kama anavyomwuliza habari za mafuta.

Walimu wana nafasi ya pekee. Somo la msuguano na la nguvu hufundishwa darasani kwa mfano wa kipande cha mbao juu ya meza. Gurudumu lililosimama nje ya ofisi ya mwalimu mkuu lingefaa zaidi. Mwanafunzi anayejua kwa nini nati hukazwa kwa kipimo ndiye fundi, dereva au mkaguzi wa kesho, naye hatakubali kudanganywa kwamba gurudumu lilichomoka lenyewe.