Wafu wa Tongoni

Vijana wapendwa, kila mwaka Siku ya Marehemu Wote ikikaribia, tunawaona mkibeba majembe na mapanga kwenda kufyeka makaburi ya parokia. Mnaanza na mapadri na masista, mnafuata wazazi wenu, na jua likipanda mnarudi nyumbani. Hatuwalaumu, nasi tulifundishwa hivyo. Lakini wafu wa kwanza wa Kasongo hawapo pale.

Wapo Tongoni. Jina lenyewe lasema: tongo ni mahali palipohamwa. Huko ndiko Tippu Tip alikoweka makao yake, na baada yake mwanawe Sefu, hata majeshi ya Dhanis yakauteka mji tarehe 22 Aprili 1893. Baadaye makao yakahamishiwa Kasongo ya leo. Walio hai wakahama, wafu wakabaki. Watafiti wa mambo ya kale wamekwisha kuchimba huko. Sisi tulio jirani twapita tu.

Ni nani waliolazwa pale? Waungwana wa pwani, ndiyo. Lakini pia wapagazi, wakulima wa mashamba ya mpunga, wanawake walionyakuliwa vijijini, na mateka waliongoja msafara wa Kabambare, kisha Ujiji ng'ambo ya ziwa, kisha pwani. Waliokufa njiani hawakupata hata kaburi.

Tippu Tip alifariki Zanzibar mwaka 1905, na kaburi lake Mji Mkongwe lajulikana. Lippens na De Bruyne, Wabelgiji wawili waliouawa Kasongo mwezi Desemba 1892, wana mnara wao Blankenberge, Ubelgiji, kando ya bahari. Mtumwa aliyekufa mwaka uleule hana hata jiwe.

Jina basi? Tumewauliza wazee. Wengine hunyamaza, maana kumtaja bibi aliyenunuliwa ni kuuaibisha ukoo. Kwa maoni yetu aibu hiyo imepotea njia: anayeinamisha kichwa ni mjukuu wa aliyeuzwa, si mjukuu wa muuzaji. Tobiti alipowazika ndugu zake waliotupwa nyuma ya ukuta wa Ninawi, hakuuliza kwanza nani mtumwa, nani mwungwana.

Mwaka huu twendeni Tongoni pia. Tumwombe ruhusa chifu, na wazee Waislamu, kwa kuwa wafu wao nao wamo. Tusiwashe moto, tusiondoe jiwe wala kigae, hata cha kutegea sufuria. Na kila mmoja aulize kwao: jina, ukoo, kijiji alikotolewa. Tuyaandike, yasomwe katika Misa ya Novemba 2 pamoja na mengine.

Daftari letu lina jina moja tu hadi sasa, la mama aliyechukuliwa upande wa Kabambare akiwa mtoto. Kilembwe wake alilitaja kwa sauti ndogo, kisha akatuomba tusilisome kanisani mwaka huu. Tumekubali kungoja.