Afrika Mashariki kwenye Kombe la Dunia la Kriketi, 1975
Kombe la kwanza la Dunia la kriketi kwa wanaume lilichezwa Uingereza, Juni 1975, kila upande ukipewa ova 60. Kati ya timu 8 ilikuwamo Afrika Mashariki: wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, nahodha wao Harilal Shah. Ilifungwa mechi zote 3. Mjini Birmingham, tarehe 7 Juni, Glenn Turner wa New Zealand alipiga mikimbio 171 bila kutolewa. Frasat Ali wa Afrika Mashariki akajibu kwa 45. India iliwatoa wachezaji wote wa Afrika Mashariki kwa 120, Uingereza kwa 94. Hata hivyo, ushiriki huo unastahili heshima kubwa. Miaka 21 baadaye, mjini Pune, Kenya, mojawapo ya nchi hizo nne, iliishinda West Indies kwa mikimbio 73.